Daftari la michezo 2,000: je, mashine ya poka inamwibia?

Msomaji mmoja, wakala wa kutoa mizigo forodhani pale Malaba, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nikipeleka makaratasi Kampala huwa nalala Kabalagala, na jioni nacheza mashine ya poka kwenye kasino moja ya huko. Naweka sarafu tano za shilingi 200, yaani 1,000 kila mchezo. Nimeandika michezo 2,000 kwenye daftari, nimekutumia picha za kurasa zote pamoja na picha ya jedwali la malipo. Nimeliwa 260,000. Karata nne za namba moja (yaani nne zenye namba ileile) zimenitokea mara mbili tu. Jozi mbili nimegawiwa mara 94, zikageuka fulihausi mara 3 tu. Royali flashi sijaiona hata ndotoni. Rafiki yangu anasema mashine imechezewa, na kwamba ukiweka sarafu nyingi ndipo inapokaza. Mimi jozi ndogo huwa naishika pamoja na karata moja kubwa ili niwe na njia mbili. Je, hesabu hizi zinatosha kuthibitisha kwamba naibiwa?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza hongera kwa daftari. Wengi wanaolalamika kuhusu mashine huja na kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mtu aliyeliwa fedha haitegemeki. Wewe umeandika hata aina ya mgao kabla hujabadilisha karata, na hapo ndipo nilipopata kazi ya kufanya. Kwa ufupi, hazitoshi kuthibitisha wizi. Ila zinatosha kuonyesha fedha zako zimepitia wapi, na sehemu kubwa ya njia hiyo imeandikwa kwenye kioo cha mashine yenyewe.

Kwa wasioijua, mashine hii inakugawia karata tano kutoka pakiti ya karata 52. Unabonyeza unazotaka kubaki nazo, zilizobaki zinatupwa, na mahali pake zinakuja nyingine kutoka katika 47 ambazo hazijaonekana. Malipo yanafuata jedwali. Jozi ya J, Q, K au A inakurudishia dau, jozi mbili zinalipa mara mbili, tatu za namba moja mara tatu, streti (tano zinazofuatana) mara nne. Juu yake iko flashi, zote tano za ua moja, kisha fulihausi, yaani tatu za namba moja na jozi pembeni, kisha nne za namba moja ambazo hulipa mara 25. Kileleni ni royali flashi, 10 hadi A za ua moja, inayolipa mara 800 kama umeweka sarafu zote tano.

Ukinipa nichague mashine ya kuipima, nitachagua hii. Zile za picha za matunda na kengele, ambazo zimejaa hata kwenye vituo vya biashara vijijini, huwezi kuzipima kwa njia hii kwa sababu hujui ndani ya programu matunda yamepangwaje. Huna namba ya kulinganisha nayo. Ya poka inadai inagawa pakiti ya kawaida, na pakiti ya kawaida tunaijua. Migao ya karata tano inayowezekana ni 2,598,960, basi. Kila uwezekano unahesabika kwa kalamu na karatasi. Kule Nevada, jimbo la Marekani, kanuni zinataka mashine inayoonyesha karata iwe na uwezekano uleule wa karata za mezani. Lakini zipo pia mashine, katika baadhi ya kasino za wenyeji asilia wa Marekani, ambazo karata za kwenye kioo ni mapambo tu. Matokeo yameshaamuliwa na bingo inayochezwa ndani kwa ndani. Kuona karata kwenye kioo si ushahidi kwamba kuna pakiti ya karata nyuma yake.

Tuanze na ile 260,000, maana ndiyo iliyokuuma.

Watu wengi hupima mashine kwa fedha zilizoingia na zilizotoka. Hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Katika poka ya namna hii matokeo yanayumba sana kwa sababu malipo makubwa ni machache mno. Mkengeuko sanifu wa mchezo mmoja, yaani kiasi ambacho matokeo hutawanyika kutoka kwenye wastani, ni karibu mara 4.42 ya dau. Kwako dau ni 1,000, kwa hiyo kila mchezo unayumba kwa kiasi cha shilingi 4,420. Kwa michezo 2,000 hatuzidishi kwa 2,000 bali kwa kipeuo cha pili chake, ambacho ni karibu 44.7, na tunapata takriban 198,000. Maana yake, watu wawili wenye akili sawa wakicheza mashine ileile safi michezo 2,000 kila mmoja, mmoja anaweza kurudi nyumbani na 100,000 juu na mwenzake akarudi akiwa ameliwa 300,000, na hakuna kilichoharibika popote. Ukitaka kutofautisha kwa fedha tu mashine inayorudisha asilimia 99.5 na inayorudisha 95, unahitaji michezo kama 38,600, na hapo bado uhakika wako ni wa wastani.

Sasa chukua ile picha ya jedwali uliyonitumia. Kwenye mstari wa fulihausi pameandikwa 6. Kwenye flashi, 5.

Wachezaji wa poka ya mashine duniani kote hutambua mashine kwa namba hizo mbili. Jedwali zuri la mchezo huu hulipa fulihausi 9 na flashi 6, na mtu anayecheza bila kosa hata moja hurudishiwa asilimia 99.54 ya fedha anazoweka. Fulihausi hutokea kama mara 11.5 katika kila michezo 1,000, na flashi mara 11. Ukipunguza malipo ya fulihausi kutoka 9 hadi 6, umemnyang'anya mchezaji mara 3 ya dau kwa kila fulihausi, jumla asilimia 3.45. Ukipunguza flashi kutoka 6 hadi 5, umechukua asilimia 1.1 nyingine. Zinabaki 95.00. Kwa dau lako la shilingi 1,000, jedwali zuri linakugharimu kwa wastani chini ya shilingi 5 kwa mchezo. La kwako linakugharimu 50. Mtu mwenye vidole vyepesi hucheza michezo 500 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe.

Karata zinaweza kuwa safi kama za mezani, na bado mashine ikawa ghali mara kumi kuliko jirani yake, mchana kweupe, bila kuvunja chochote. Mimi nikiulizwa kama mashine fulani "ni ya haki", swali la kwanza ni hilo la namba mbili. Linachukua sekunde tatu na halihitaji daftari. Kwa michezo yako 2,000, jedwali peke yake lilikuwa linadai 100,000.

La pili ni lako wewe, na utanisamehe. Hiyo tabia ya kushika jozi ndogo na karata moja kubwa "ili uwe na njia mbili" inakula fedha. Tuseme una 7 mbili na K. Ukishika 7 mbili peke yake, unavuta karata tatu, na njia za kuvuta tatu kutoka 47 ni 16,215. Kati ya hizo, 45 zinakupa 7 nne. Hiyo ni karibu moja katika 360. Ukishika na K, unavuta mbili tu. Njia ni 1,081, na inayokupa 7 nne ni moja. Moja tu: zote mbili zije pamoja. Umepunguza nafasi yako ya nne za namba moja mpaka theluthi. Tatu za namba moja nazo zinashuka kutoka asilimia 11.4 hadi 7.8. Unachopata badala yake ni jozi mbili kidogo zaidi, kutoka 16 hadi 17.2. Njia mbili ulizotafuta zipo kweli, ila ya pili inalipa kidogo na inaifinya ya kwanza.

Jozi ndogo ulizogawiwa, kwa mujibu wa daftari, ni 561. Katika robo tatu ya migao ya namna hiyo huwa pembeni kuna angalau karata moja kubwa. Kwa hiyo ulifanya hivyo kama mara 420. Nikijumlisha hasara zote kwa jedwali lako, kila mara ulikuwa unaacha wastani wa shilingi 143 mezani. Jumla ni karibu 60,000.

Weka pamoja. Jedwali 100,000, mkono wako 60,000. Mchezaji kama wewe, kwenye mashine safi kabisa, angetarajia kuliwa 160,000. Umeliwa 260,000. Tofauti ni 100,000, na tumeshaona kwamba bahati peke yake inaweza kuyumbisha matokeo kwa 198,000 bila mtu kushangaa. Umeteleza nusu ya hatua moja, hatua ikiwa ni huo mkengeuko sanifu. Hapo hakuna kesi.

Zile nne za namba moja mara mbili nazo zinajibika hapohapo. Kwa mchezaji asiyekosea hutokea mara moja katika michezo 423, yaani 4.7 kwa michezo yako. Kwa tabia yako ya kushika karata kubwa, matarajio yanashuka hadi kama 3.9. Uwezekano wa kupata mbili au pungufu wakati unatarajia 3.9 ni robo nzima. Katika wachezaji wanne, mmoja angekuwa na malalamiko yako.

Hapo kuna jambo la jumla ambalo watu wanaojaribu kupima mashine hulisahau. Karata za mwisho zinategemea mambo mawili, mashine na wewe. Ukipima za mwisho, hujui unampima nani. Karata tano za kwanza hazikujui. Zinakuja kabla hujagusa kitufe, kwa hiyo kama kuna hila katika ugawaji, ichungulie pale.

Na wewe uliziandika, Mungu akubariki. Nimezipanga katika mafungu sita. Bila kitu chochote: pakiti safi inatarajiwa kutoa 1,002 katika 2,000, wewe umepata 1,038. Jozi ndogo: matarajio 585, umepata 561. Jozi kubwa: 260, umepata 247. Jozi mbili: 95, umepata 94. Tatu za namba moja: 42, umepata 47. Streti na vilivyo juu yake: 15, umepata 13. Ukiangalia kwa macho unaweza kulalamika kwamba "bila kitu" zimezidi kwa 36. Ila macho hayajui 36 ni nyingi au chache. Kuna kipimo cha kai-mraba: kwa kila fungu chukua tofauti, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa matarajio, kisha jumlisha yote sita. Kwako jumla ni 3.8 hivi. Kwa mafungu sita, mashine safi huvuka 11.07 mara moja tu katika ishirini. Uko mbali na mpaka.

Uliandika pia A zilizokuja kwenye mgao wa kwanza: 731, wakati matarajio ni 769. Pungufu 38. Hapa wanafunzi wangu hukosea kila mwaka, kwa hiyo niseme: usizichukulie karata 10,000 kama mitupo 10,000 inayojitegemea. Ndani ya mgao mmoja, A ikitoka, zimebaki tatu. Nafasi ya nyingine imepungua. Kwa hiyo mtawanyiko halisi ni mdogo kidogo kuliko ule wa hesabu ya kawaida. Ukirekebisha, mkengeuko sanifu ni 25.6, na pungufu yako ni hatua moja na nusu. Ni kawaida. Mwenye kuandika karata zote 52 moja moja na kufanya kai-mraba azidishe jibu kwa 51 gawanya kwa 47 kwa sababu hiyohiyo, la sivyo mashine itaonekana nadhifu kuliko ilivyo.

Limebaki moja, na hili sitalipuuza. Jozi mbili 94, fulihausi 3.

Hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote ulivyoleta, hata kama ulikipata kwa hasira. Ukiwa na jozi mbili hakuna cha kufikiria: unashika nne, unavuta moja. Katika 47 zilizobaki ni nne tu zinazokamilisha fulihausi. Uwezekano ni 4 kwa 47, asilimia 8.5, na ustadi wako hauhusiki. Katika 94 ulitarajia 8. Umepata 3. Uwezekano wa kupata 3 au pungufu kwenye mashine safi ni asilimia 3.6.

Najua unachotaka kusema: hiyo si chini ya tano kwa mia, mpaka ambapo wanatakwimu huanza kutia shaka? Ndiyo. Ila hebu niambie jambo hili ulilichagua lini, kabla ya kuanza kuandika au baada ya kufungua daftari na kutafuta kilichokaa vibaya? Barua yako ina malalamiko manne, na daftari lina mistari mingine uliyoipita kwa sababu ilikuwa sawa. Ukipima vitu kumi tofauti kwenye mashine safi, uwezekano kwamba angalau kimoja kitaonekana cha ajabu kwa kiwango cha tano kwa mia ni asilimia 40. Mpiga mshale anayechora duara baada ya mshale kutua hakosi shabaha kamwe. Asilimia 3.6 yako ni sababu ya kuuliza swali jipya, na swali jipya linajibiwa kwa data mpya. Zile 94 zimeshafanya kazi yake, usizihesabu tena.

Kabla ya kukuambia namna ya kulipima upya, nimalize hilo la royali flashi, kwa sababu ndilo lenye hatari ya kweli na ndilo ambalo daftari halisaidii. Kwa mchezo wa ustadi hutokea mara moja katika michezo 40,000 na ushee. Kutoiona katika 2,000 ni jambo linalowapata watu 95 katika 100. Ili ukosefu wake tu uanze kutia shaka kwa kiwango kilekile cha tano kwa mia, lazima ucheze michezo kama 121,000 bila kuiona. Kwa kasi ya 500 kwa saa hizo ni saa zaidi ya 240.

Mwizi mwenye akili anajua hesabu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ya Las Vegas, American Coin, ilinaswa na mashine za poka ambazo programu yake ilikuwa imechezewa ili zawadi kubwa zisitoke inavyostahili, na ikapoteza leseni. Haikugusa jozi wala streti, iliiba pale ambapo hakuna mchezaji anayeishi muda wa kutosha kuhesabu. Wizi wa namna hiyo hugunduliwa kwa kufungua mashine na kusoma programu, au kwa mdhibiti kukusanya takwimu za mashine nyingi kwa pamoja. Hata huko si salama asilimia mia: Ron Harris, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta wa bodi ya udhibiti ya Nevada, aliyepaswa kuzikagua mashine, ndiye aliyepandikiza hila zake ndani yake. Alikamatwa 1995, mshirika wake aliposhinda keno, mchezo wa kubahatisha namba, kule Atlantic City. Sikutishi. Nakuonyesha tu kwamba "nimehesabu na sikuona kitu" na "mashine ni safi" ni kauli mbili tofauti.

Rafiki yako anayesema mashine inakaza ukiweka sarafu nyingi anasema kitu kinachopimika, kwa hiyo asidharauliwe. Shida ni kwamba mtu huongeza dau kwa hisia: akiwa ameliwa anataka kurudisha, au akiwa ameshinda amepata moyo. Halafu hukumbuka yale yaliyouma. Dawa ni kumnyima mchezaji uamuzi. Kabla ya kila mchezo rusha sarafu: kichwa weka tano, mwenge weka moja. Andika migao ya kwanza ya kila upande kando kando, na ulinganishe mwisho. Kama mashine inabagua, mafungu mawili yatatofautiana, na hakuna atakayesema ulichagua wakati mbaya. Ujue tu kwamba sarafu moja haikupi ile 800. Kwa sarafu moja royali flashi hulipa 250, na hilo peke yake linapunguza marejesho kwa zaidi ya asilimia moja. Wanaosema mashine "imeshiba" au ina saa yake ya kulipa, nao wapimwe hivyohivyo. Sijaona aliyekubali kurusha sarafu.

Kuhusu upande wa sheria nitakuwa mfupi. Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016 na bodi ya taifa inayotoa leseni. Umri wa chini wa kucheza ni miaka 25, na wengi wanaoona 18 kwenye tovuti za nje hushangaa. Leseni ya kasino inapaswa kuwepo, iulizie. Mashine ina namba yake ya usajili kwenye bati. Iandike pamoja na tarehe na saa. Lalamiko lenye namba ya mashine na hesabu kama zako linaweza kufanyiwa kazi, kwa sababu bodi inaweza kudai programu ikaguliwe. Lalamiko la "nimeliwa" halina pa kuanzia. Kwa sasa, kwa data uliyonayo, mimi nisingepeleka.

Sasa kipimo chenyewe, kama bado una hamu. Acha mengine yote, andika jambo moja: kila ukigawiwa jozi mbili, weka alama, zikigeuka fulihausi, weka alama ya pili. Usichungulie katikati ukaacha pale panapokupendeza. Amua mapema kwamba utafika 700. Nimechagua 700 kwa sababu ndicho kiasi kinachotosha kugundua mashine iliyoshusha uwezekano kutoka asilimia 8.5 hadi 6, mara nne katika tano. Ikiwa imeshusha kidogo kuliko hapo, mashine ingekuwa inaiba kidogo sana kuliko jedwali linavyochukua waziwazi, na mimi nisingesumbuka nayo.

Gharama yake? Jozi mbili hugawiwa mara moja katika michezo 21, kwa hiyo 700 zinahitaji michezo 14,700 hivi. Kwenye jedwali lako la 6 na 5, kwa shilingi 1,000 na bila makosa, hiyo ni 735,000 kwa wastani, na bahati mbaya inaweza kuifikisha mara mbili. Kwa hiyo usiicheze wewe. Kaa nyuma ya wanaocheza, agiza soda, andika zao. Jozi mbili za mtu mwingine zina 4 kwa 47 ileile, na hata asiyejua poka huzishika zote nne, asiyezishika mruke. Usipime kwenye mchezo wa bure wa simu ukadhani umepima mashine ya Kabalagala, maana hizo ni programu mbili tofauti.

Katika 700, mashine safi inatarajiwa kutoa fulihausi 60 hivi, na kuyumba kwa kawaida ni 7 juu au chini. Zikiwa 48 au zaidi, funga daftari. Zikiwa 47 au pungufu, niandikie tena na namba ya mashine, barua ya kwenda kwa bodi tutaiandika pamoja.